Kwa nini vifaru havikufika Moshi mwaka 1916

Msomaji mmoja wa Majengo, Moshi, ameniandikia hivi: «Mwalimu, shikamoo. Mwezi uliopita nilipita na mwanangu wa kidato cha tatu kwenye makaburi ya vita hapa mjini. Alisoma miaka iliyochongwa kwenye mawe, kisha akaniuliza swali lililonishinda. Darasani wamefundishwa kwamba Waingereza ndio waliounda vifaru vya kwanza, na kwamba waliviunda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kama silaha hiyo ilikuwa mikononi mwao, kwa nini walihangaika zaidi ya miaka minne na Mjerumani katika nchi hii? Je, kuna kifaru kilichofika Kilimanjaro? Na kama matope na mito yetu ndiyo iliyovizuia, jeshi letu lilivifikishaje vifaru vyake Uganda mwaka 1979?»

Marahaba, mama. Mwanao ameuliza swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wazima katika miaka yote niliyofundisha historia ya vita hapa Arusha. Nitalijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu, na la katikati, yaani lile la ardhi, ndilo linaloyabeba mengine mawili.

Nianze na kalenda, kwa kuwa wengi huisahau. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, wakiwemo askari kutoka Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa katika vita hivi, yalikishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta, yakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi huohuo wa Februari, katika bustani ya jumba la Hatfield huko Uingereza, wakubwa wa serikali walikuwa wakilitazama kwa mara ya kwanza dude la chuma likivuka handaki na kusaga senyenge, na baada ya majaribio hayo ndipo yakaagizwa mengine 100. Katikati ya Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi. Kifaru cha kwanza kupigana vita kilitoka mstarini tarehe 15 Septemba 1916, kaskazini mwa Ufaransa, karibu na vijiji vya Flers na Courcelette. Kwa hiyo siku Moshi ilipobadilisha mkono, hapakuwa na kifaru hata kimoja duniani kilichokwisha kufyatua risasi vitani. Kilikosekana miezi sita, na hilo peke yake linatosha kujibu sehemu ya swali inayohusu mji wenu.

Hata hivyo jibu la kalenda halitoshi, kwa sababu vita vya huku viliendelea mpaka Novemba 1918, na wakati huo Uingereza ilikuwa na vifaru kwa mamia. Tena haikuwa kweli kwamba haikuweza kuvisafirisha nje ya Ulaya: mwezi Aprili 1917 vifaru vinane vilivyokuwa vimepelekwa Misri vilitumika katika vita vya pili vya Gaza, huko Palestina. Kama meli ilivifikisha Misri, ingeweza kuvifikisha Mombasa pia. Ni lazima basi tuulize kifaru kilitengenezwa kifanye kazi gani, na kama kazi hiyo ilikuwepo huku.

Tangu mwishoni mwa 1914 majeshi ya Ulaya yalikuwa yamejichimbia mahandaki kutoka pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi. Mbele ya kila handaki palitandazwa senyenge, na nyuma ya senyenge ilikaa bunduki ya rashasha, ambayo wazee wetu waliiita bombomu. Mtu mwenye mwili wa nyama hakuweza kupita hapo. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya Somme, jeshi la Uingereza lilipoteza watu wanaokaribia 57,000 kwa siku moja, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa. Mbele ya mauaji ya namna hiyo, wahandisi walihitaji chombo kitakachofanya mambo matatu kwa pamoja: kizuie risasi za bombomu, kilaze senyenge, na kivuke shimo pana bila kutumbukia. Gurudumu halikuweza kufanya hayo. Mnyororo wa chuma ulioizunguka mashine yote kama mkanda, uliotokana na matrekta ya mashambani, uliweza. William Tritton na Walter Wilson ndio waliolimaliza jambo hilo katika kiwanda kimoja cha mashine za kilimo mjini Lincoln.

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno juu ya majina, kwa kuwa napenda lugha yetu ilivyolishughulikia jambo hili. Ili kuificha siri, Waingereza waliwaambia watu kwamba wanatengeneza vyombo vya kubebea maji, yaani matangi, na jina hilo la uongo ndilo lililobaki katika lugha yao hadi leo. Kiswahili kililichukua neno tangi kikaliacha kwenye maji, mahali pake pa haki, na ile silaha kikaipa jina la mnyama mwenye ngozi nene ambaye hukimbia moja kwa moja bila kugeuka. Sarufi nayo imetenganisha vizuri: mnyama ni kifaru mkubwa, silaha ni kifaru kikubwa. Msikilizaji hakosei.

Lakini kile kifaru cha kwanza hakikuwa na wepesi wa mnyama yule. Kilikuwa na uzito wa tani 28 na injini yenye nguvu za farasi 105, maana yake kila tani ilivutwa na nguvu za farasi zisizofika nne. Mwendo wake mkubwa ulikuwa kilomita sita kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na porini kilikwenda pungufu ya hapo. Ndani walikaa watu wanane pamoja na injini yenyewe, isiyotengwa nao kwa ukuta wowote, hivyo joto lilipanda hadi nyuzi 50 na moshi ukawalevya. Kukigeuza tu kulihitaji watu wanne wafanye kazi kwa kupatana, tena kwa ishara za mikono, kwa sababu sauti ya mtu haikusikika. Katika vifaru 49 vilivyotengwa kwa shambulio la Septemba 1916, ni 32 tu vilivyofika mahali pa kuanzia, kwa kuwa vingine viliharibika au vilikwama njiani kabla hata ya kumwona adui. Mwaka uliofuata, karibu na mji wa Ypres, mvua na makombora viligeuza ardhi kuwa uji, na vifaru vikazama humo. Vilikuja kuonyesha thamani yake Cambrai, tarehe 20 Novemba 1917, vilipokusanywa zaidi ya 400 juu ya ardhi kavu ambayo mizinga ilikuwa haijaichimbua. Naomba mwanao aikumbuke tofauti hiyo ya Ypres na Cambrai. Silaha ilikuwa ileile na jeshi lilikuwa lilelile, na kati ya mapigano hayo mawili haikupita hata nusu mwaka. Kilichobadilika zaidi ni udongo.

Sasa turudi nyumbani. Ni kweli kwamba kifaru hakikufika, lakini chuma kilifika. Katika jeshi la Waingereza lililokuwa upande wa Voi, Maktau na Taveta palikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Gari lenyewe lilikuwa la kifahari, la matajiri, ila mwili wake ulivuliwa na badala yake likavikwa mabamba ya chuma, na juu pakawekwa kibanda cha mviringo kinachozunguka, chenye bombomu moja. Lilibeba watu watatu na lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani nne. Magari ya aina hiyo yalikuwa yamefanya kazi nzuri Aprili 1915 huko Trekkopjes, katika nchi ambayo leo ni Namibia, ambako jangwa ni wazi na mtu huonekana kutoka mbali. Ndiyo maana makamanda walikuwa na matumaini nayo.

Yalikuwepo Salaita siku ile ya 12 Februari, na hayakuweza kuyageuza matokeo. Tatizo la Salaita halikuwa ukosefu wa chuma. Mizinga ya Waingereza ilitwanga kilele cha kilima kwa sababu huko ndiko walikodhani Wajerumani wamejichimbia, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, usawa wa mbuga, yamefichwa na vichaka vya miiba. Askari wa Afrika Kusini walipokaribia walikutana na moto kutoka mahali ambapo hapakuguswa na kombora hata moja. Gari la deraya lina macho madogo: dereva hutazama kupitia ufa wa vidole viwili, na mwenye bombomu hulenga anachokiona. Katika kichaka cha Taveta, ambako askari aliyelala chini haonekani hata ukiwa hatua 30 kutoka alipo, gari hilo ni kipofu. Tena halikuweza kuiacha njia. Likitoka barabarani, miiba, mashimo ya wanyama na mawe ya volkano hulisimamisha, na likisimama limekuwa kibanda cha bati chenye watu watatu ndani.

Ukuta wa milima uliofuata, yaani vilima vya Latema na Reata magharibi ya mji wa Taveta, haukuvunjwa na gari wala mzinga. Jenerali Jan Smuts, kamanda mpya wa Waingereza aliyeshuka Mombasa mwezi Februari, alituma askari wa miguu usiku wa tarehe 11 Machi 1916. Walipanda gizani kwa singe, wakachanganyika na adui, wengine wakarudi, wachache wakabaki kileleni mpaka kulipokucha, na kulipokucha ikaonekana Wajerumani wameondoka. Katika jeshi hilo walikuwemo askari wa King's African Rifles, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki, na upande wa pili askari wa Kijerumani nao walikuwa vijana wa nchi hii. Tunaposema «Mwingereza alimpiga Mjerumani» pale Latema, tukumbuke ni nani hasa aliyekuwa akipanda na ni nani aliyekuwa akingoja juu.

Kisha ukaja Kahe, na mapigano ya Kahe ndiyo ninayopenda kuwafundishia wanafunzi wangu, kwa sababu yanaonyesha kila kitu. Tarehe 21 Machi 1916 Waingereza walisukuma kuelekea kusini kutoka upande wa Moshi, Wajerumani wakiwa wamejipanga nyuma ya mito yenye kina, yenye mamba na miti iliyosongamana ukingoni. Huko palikuwa na mzinga mmoja wa manowari Königsberg. Meli hiyo ilizamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, lakini mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikawekewa magurudumu, ikakokotwa nchi nzima na mamia ya watu kwa kamba. Fikiria gari la deraya ambalo bamba lake limetengenezwa kuzuia risasi ya bunduki, likutane na mzinga wa manowari ulioelekezwa kwenye njia pekee inayopitika. Wajerumani waliulipua mzinga ule wenyewe walipoondoka usiku, wakalivunja na daraja la reli. Jeshi la Smuts lilishika Kahe, na mara masika yakaanza.

Hapo ndipo vita vya Kilimanjaro vilisimama kwa wiki nyingi. Wewe unayekaa Moshi unajua mvua za Aprili zinavyofanya huko chini, kuanzia Himo hadi Kahe, na sisi wa Arusha tunaijua ile mbuga nyeusi ya njia ya kusini, ambayo wakati wa kiangazi ni ngumu kama tofali na mvua ikinyesha hushika buti ya mtu mpaka aiache. Jenerali van Deventer, wa jeshi la Smuts, aliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili akiwa na askari wa farasi, akapita Lolkisale, akaiteka Kondoa Irangi tarehe 19 Aprili. Ulikuwa mwendo wa kishujaa, lakini alipofika alikuwa amepoteza mamia ya farasi kwa mbung'o na uchovu, na nyuma yake mvua ikaikata barabara, askari wake wakabaki na njaa. Hicho kilikuwa chombo chepesi kuliko vyote, mtu na farasi wake, na bado nchi ilikishinda. Jiulize tani 28 zingefikaje Kondoa.

Tufanye hesabu pamoja, kwa kipimo tunachokijua. Kifaru cha 1916 kilibeba petroli lita zinazokaribia 230, yaani madebe kama 13, na kwa madebe hayo kilikwenda chini ya kilomita 40. Kutoka Taveta hadi Moshi hakingemaliza safari bila kujazwa tena. Vifaru 20 vingehitaji madebe 260 kwa kila hatua ya namna hiyo, na baada ya hapo vingehitaji mafuta ya mitambo, minyororo mipya, mafundi na maji ya kupoza injini. Reli kutoka Voi ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa kuelekea Taveta, na ile ya Tanga hadi Moshi, iliyokamilika miaka michache kabla ya vita, Wajerumani waliibomoa madaraja yake kadiri walivyorudi nyuma. Ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo kwa makumi ya maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu.

Na kweli vita hivi vilibebwa vichwani. Waingereza walikusanya wapagazi wanaokaribia milioni moja katika miaka yote ya vita, wengi kwa nguvu, na kwa hesabu zao wenyewe zaidi ya 90,000 walikufa, hasa kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam linatokana na kambi ya watu hao. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 au karibu na hapo, na kila alivyozidi kwenda mbali ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mizigo ilivyokuwa chakula cha wapagazi wenyewe. Mbele kabisa, ambako askari alihitaji risasi na unga, kilifika kidogo tu cha kile kilichoondoka nyuma. Jeshi la namna hiyo lingebebaje petroli ya vifaru? Mwanao alisoma majina kwenye mawe pale makaburini. Majina ya wapagazi hayamo, nami huwaambia wanafunzi wangu hivyo kila mwaka, kwa kuwa ni wao waliofanya kazi ambayo huko Ulaya ilifanywa na reli, malori na mwishowe vifaru.

Kwa upande mwingine, hata kama vingefika, vingekosa kazi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na nia ya kulinda mstari wa mahandaki. Alikuwa na watu wachache, Wajerumani wasiozidi 3,000 hivi na askari Waafrika kama 11,000 alipokuwa na nguvu zaidi, na lengo lake lilikuwa kuwachosha Waingereza ili majeshi yao yasirudi Ulaya. Alipigana mahali alipopachagua, kisha akaondoka. Kifaru kilizaliwa ili kuvunja ukuta, na mtu huyu hakujenga ukuta. Alikwenda kusini, akavuka Ruvuma, akaingia Msumbiji, akarudi, na alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Sasa nije kwenye sehemu ya tatu, ambayo nadhani ndiyo iliyokusukuma wewe mwenyewe kuandika: inakuwaje basi vifaru vya Tanzania vilifika Uganda?

Kati ya 1918 na 1978 kifaru kilikua. Sitakizungumzia kipindi hicho kwa kirefu. Wafaransa, mwaka 1917, walitoa kifaru kidogo cha Renault chenye watu wawili na mzinga juu ya kibanda kinachozunguka, na umbo hilo ndilo karibu vifaru vyote vinalo hadi leo. Katika Vita Kuu ya Pili, Warusi walitoa T-34, na ndicho ninachotaka mwanao akiangalie kwa makini, kwa sababu waliotengeneza chombo hicho walikuwa watu wa nchi ya matope kama sisi. Waliipanua minyororo yake ili uzito usambae, kama vile mtu anavyoweka ubao juu ya tope ili asizame, na waliyalaza mabamba yake mshazari ili risasi iteleze. Vifaru vya Wajerumani vilivyokuwa na minyororo myembamba vilikwama mahali ambapo T-34 ilipita.

Wajukuu wa chombo hicho ndio waliotumika Kagera. Jeshi la Wananchi lilikuwa na vifaru vya Kichina vya aina ya 59, vilivyonakiliwa kutoka T-54 ya Kirusi, vyenye tani 36, mzinga wa milimita 100 na injini ya dizeli ya nguvu za farasi 520. Gawa mwenyewe: kila tani ina zaidi ya farasi 14, wakati kile cha 1916 hakikufikisha hata wanne. Palikuwa pia na vifaru vyepesi vya aina ya 62, vya tani 21. Idi Amin alikuwa na vifaru vya Sherman alivyorithi kutoka urafiki wa zamani wa Uganda na Israeli, na magari ya deraya ya kubebea askari kutoka Chekoslovakia. Kwa karatasi hakuwa mnyonge.

Lakini angalia vita vilianzia wapi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliteka eneo la kaskazini ya mto Kagera, na siku chache baadaye yakalilipua daraja la Kyaka. Kwa kitendo hicho kimoja kila kifaru cha Tanzania kilikuwa kimesimamishwa kusini ya mto, kiwe na farasi 14 au 40 kwa tani. Kilichofungua njia kilikuwa kazi ya wahandisi wa medani, walioweka madaraja ya muda juu ya mto huo mwezi Novemba. Tunawasifu askari wa miguu na wa vifaru, na wanastahili, ila mimi sijawahi kusimulia vita vya Kagera bila kuanza na watu waliolaza daraja.

Baada ya kuvuka, makamanda wetu hawakuvitumia vifaru kama mnyama anayekimbia peke yake. Huko Mutukula, Januari 1979, vifaru vilijionyesha mbele, barabarani, adui akavielekezea macho, wakati askari wa miguu walikuwa wamezunguka usiku kwa miguu na kumtokea asikotarajia. Mfano mkubwa zaidi ni Lukaya, mwezi Machi. Pale barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi, hivyo kifaru hakiwezi kugeuka kushoto wala kulia. Walibya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, walikuja na vifaru 15 vya T-55, magari ya deraya na makombora ya Katyusha. Tarehe 10 Machi walilitikisa jeshi letu, brigedi ya 201 ikarudi nyuma kwa vurugu. Brigedi ya 208, iliyokuwa imepelekwa mbali kuzunguka kinamasi, iliamriwa igeuke ije kuikata barabara ya Kampala nyuma ya Walibya, na usiku wa kuamkia tarehe 11 ikawapiga kutoka upande ambao vifaru vyao havikuelekea. Walibya zaidi ya 200 walikufa. Katika pambano hilo Walibya ndio waliokuwa na chuma kingi, lakini chuma hicho kilikuwa juu ya tuta jembamba, na waliowashinda walifika hapo kwa miguu, ndani ya maji.

Wiki mbili baadaye, tarehe 24 hadi 26 Machi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini kwenu, Moshi, wakamchagua Yusuf Lule awaongoze, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mwambie mwanao kwamba mji wake umo katika historia hii mara mbili: mara ya kwanza kama mahali jeshi la kigeni lilipoingia, na mara ya pili kama mahali majirani walipokuja kupanga serikali yao.

Kwa hiyo tofauti ya 1916 na 1979 ni ya aina mbili. Chombo chenyewe kilikuwa kimebadilika sana, kwa nguvu, upana wa minyororo, dizeli badala ya petroli, na umbali wa kilomita mamia badala ya 40. Na kilichokisindikiza kilikuwa kimebadilika pia: malori yalibeba kile ambacho zamani kilikuwa juu ya kichwa cha mpagazi, na mkono wa mhandisi ulifika mtoni pamoja na kifaru. Nchi yenyewe haikubadilika. Lukaya ya 1979 ingemfaa Lettow-Vorbeck kama Kahe ya 1916 ilivyomfaa.

Kama mtapata nafasi, mchukue kijana mwende Kahe. Shukeni stesheni, mtazame reli inavyoelekea Tanga na mito inavyoizunguka, kisha apande mahali palipoinuka atazame kaskazini kuelekea Himo na Holili, upande walikotokea Waingereza. Aende na daftari, ahesabu mito na makorongo kati ya hapo na mpakani, na kando ya kila kimoja aandike kama lori lingepita mwezi wa Januari na kama lingepita mwezi wa Aprili. Akimaliza daftari hilo aniletee Arusha, nitafurahi kulisoma pamoja naye.